Msandali: Kichaka adimu kinachoponzwa na mzizi wake

ANAYEKATA mti kwa shoka huacha kisiki. Anayevuna msandali huacha shimo. Katika tofauti hiyo ndogo ndimo ilimojificha sababu kuu ya mmea huu kuadimika katika misitu mikavu na vilima vya Kenya, hata baada ya miaka mingi ya marufuku.

Miti mingi ikikatwa, kisiki hubaki na huchipuka tena mvua inaponyesha. Msandali pia una uwezo huo. Lakini wanaoutafuta hawashughulikii sana matawi wala majani yake. Wanachotaka ni mafuta yenye harufu nzuri, na mafuta hayo hukusanyika katika moyo wa mzizi na sehemu ya chini ya shina. Kwa hiyo huchimba mpaka wang'oe mmea mzima, na palipong'olewa mzizi hapana kitakachochipuka.

Makala haya yanaeleza msandali ni mmea wa aina gani, unavyoishi, kwa nini ni rahisi kuuangamiza na vigumu kuurejesha, na ni hatua zipi zimechukuliwa kuunusuru.

Mmea wenyewe

Msandali wa Afrika Mashariki hujulikana na wanasayansi kwa jina Osyris lanceolata. Vitabu vya zamani huutaja pia kama Osyris quadripartita. Umo katika ukoo mmoja wa mimea na msandali mashuhuri wa Bara Hindi, Santalum album, ingawa hiyo ni mimea miwili tofauti. Wamaasai huuita olosesiai.

Msomaji asiuchanganye na msandarusi, ambao ni mti mkubwa wa Pwani unaotoa utomvu mgumu uitwao sandarusi. Majina yanakaribiana, lakini miti hiyo haina udugu.

Kwa umbo, msandali ni kichaka au mti mdogo ambao kwa kawaida hauzidi mita sita au saba. Majani yake ni magumu kiasi, yenye ncha kali, na rangi yake ni kijani kilichochanganyika na samawati au manjano. Hayapukutiki wakati wa kiangazi. Maua yake ni madogo mno, ya rangi ya kijani iliyofifia, na mpita njia hawezi kuyatambua kwa urahisi. Kinachovutia macho ni matunda. Huanza yakiwa ya kijani, yakawa manjano, kisha yakaiva na kuwa mekundu yanayong'aa. Kila tunda lina mbegu moja tu.

Mmea huu una eneo pana duniani. Hupatikana kuanzia kaskazini mwa Afrika, kupitia Ethiopia na Afrika Mashariki, hadi Afrika Kusini, na pia katika sehemu za kusini mwa Ulaya na Asia. Kwa hivyo ukitazamwa kwa kipimo cha dunia nzima, haujakaribia kutoweka. Hatari iko katika Afrika Mashariki, ambako biashara imeufuata kilima baada ya kilima na kuumaliza mahali ambapo ulikuwa mwingi.

Humu nchini, makao yake ni vilima vyenye mawe, kingo za misitu mikavu na vichaka vya nyanda za juu, hasa kati ya mita 900 na 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hupatikana Samburu, Laikipia, Baringo, Pokot Magharibi, Kajiado, katika vilima vya Chyulu na kwingineko. Mara nyingi huota kando ya misitu ya mitarakwa na mizeituni mwitu, mahali ambapo udongo ni haba na mvua si ya kutegemewa.

Mgeni mezani pa jirani

Swali la kujiuliza ni hili: mmea mdogo kama huu hupataje maji na virutubishi katika udongo wa changarawe, tena wakati wa kiangazi?

Jibu liko chini ya ardhi. Msandali ni nusu kimelea. Mizizi yake hutambaa mpaka ikakutana na mizizi ya miti na vichaka vilivyo karibu. Panapokutana, mzizi wa msandali huota kiungo kidogo mfano wa kifundo, ambacho huushika mzizi wa jirani na kupenya ndani yake. Kupitia kiungo hicho, msandali hufyonza maji na madini yaliyokusanywa na jirani huyo.

Huitwa nusu kimelea kwa sababu hautegemei jirani kwa kila kitu. Majani yake ni ya kijani, na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea mingine. Mche mchanga unaweza kuishi peke yake kwa muda, lakini hunawiri unapopata mwenyeji wa kuushikilia.

Isitoshe, si kila jirani anayefaa. Utafiti uliofanywa nchini Tanzania katika miaka ya mwanzo ya 2000 ulionyesha kwamba msandali huchagua wenyeji wake. Miongoni mwa mimea iliyobainika kuupendeza ni Rhus natalensis na Dodonaea viscosa, vichaka vinavyopatikana kwa wingi katika maeneo makavu. Mwingine katika orodha hiyo ni Catha edulis, ambao Mkenya yeyote anaujua kwa jina la mmiraa.

Jambo hili lina maana kubwa kwa uhifadhi. Msandali hauwezi kulindwa peke yake ilhali vichaka vinavyouzunguka vinafyekwa kwa ajili ya makaa au mashamba. Mwenyeji akifa, mgeni naye hudhoofika. Anayetaka kuokoa msandali hana budi kuokoa pia vichaka ambavyo watu wengi huviona kuwa havina faida.

Dume na jike

Tabia ya pili inayoufanya msandali uwe rahisi kuangamizwa ni namna unavyozaana. Miti mingi huwa na sehemu za kiume na za kike katika mmea mmoja. Msandali sivyo. Kuna mimea dume, ambayo hutoa chavua pekee, na mimea jike, ambayo ndiyo huzaa matunda. Ili mbegu zipatikane, lazima dume na jike wawe karibu kiasi cha wadudu kubeba chavua kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Wavunaji wengi huamini kwamba jike lina mafuta mengi au bora zaidi, na hulitafuta kwanza. Matokeo yake ni kwamba panaweza kubaki misandali kadhaa katika kilima, ikaonekana kuwa hali si mbaya, kumbe iliyobaki karibu yote ni madume. Kilima cha namna hiyo hakitazaa mbegu hata moja. Ni kama boma lililobakiwa na fahali pekee, maana ng'ombe wapo lakini ndama hawatazaliwa.

Hata mbegu zinapopatikana, safari bado ni ndefu. Ndege hula matunda mekundu na kuzisambaza mbegu, lakini zina ganda gumu linalochelewesha kuota. Zikiwekwa kwa muda mrefu, hupungukiwa na uhai. Zile zinazofaulu kuota hukabiliwa na kiangazi na midomo ya mifugo na wanyamapori. Mche ukinusurika, hukua polepole, na moyo wa mti wenye mafuta huhitaji miaka mingi kujijenga.

Kwa muhtasari, huu ni mmea unaohitaji jirani wa kuutegemea, mwenza wa kuzaa naye, ndege wa kueneza mbegu zake na miaka mingi ya utulivu. Sururu huyaondoa yote hayo kwa muda wa saa moja.

Wenyeji na msandali

Kabla ya malori kuanza kuufuata, msandali ulikuwa na kazi zake katika jamii zinazoishi nao. Magome na mizizi yake huchemshwa na kutiwa katika supu au chai, na hutumiwa kama dawa ya maradhi mbalimbali. Watoto wanaochunga mifugo hula matunda yake. Gome lake pia hutumiwa kupaka ngozi rangi nyekundu.

Matumizi hayo hayakuutishia mmea. Aliyehitaji dawa alibandua gome kidogo au kuchimba kipande cha mzizi wa pembeni, akaufukia tena na kwenda zake. Alijua kwamba atarudi hapo hapo mwaka ujao.

Pwani nako, harufu ya sandali si ngeni. Imo katika liwa na manukato yanayotumiwa katika harusi na sherehe, desturi inayotokana na biashara ya karne nyingi kati ya pwani yetu, Uarabuni na Bara Hindi. Sandali iliyosifika katika biashara hiyo ya kale ilikuwa ya Kihindi. Ule wa vilima vyetu haukujulikana sana nje mpaka ule wa India ulipoanza kuwa haba.

Uhaba wa India, shimo la Samburu

Msandali wa India umetafutwa kwa karne nyingi kwa ajili ya mafuta, uvumba, vinyago na ibada. Mwaka wa 1792, Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kusini mwa India, aliutangaza kuwa mti wa kifalme. Kwa miaka mingi iliyofuata, msandali ulihesabiwa kuwa mali ya serikali hata ulipoota katika shamba la mtu binafsi.

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro iliyojitokeza baadaye. Mkulima hakuona faida ya kuulinda mti ambao si wake, na ambao ungemletea matatizo ukiibwa. Wezi nao walizidi kuingia misituni. Jina la jangili Veerappan, aliyesakwa kwa miaka mingi na kuuawa na polisi mwezi Oktoba 2004, lilivuma kwa sababu ya magendo ya msandali na pembe za ndovu.

Majimbo ya Karnataka na Tamil Nadu yalibadilisha sheria zao mwaka wa 2001 na 2002, na kuwaruhusu wakulima kumiliki misandali iliyo katika mashamba yao. Australia nayo imeanzisha mashamba makubwa ya msandali wa Kihindi magharibi mwa nchi hiyo, ambako kila mti hupandwa pamoja na miti mingine ya kuutegemea.

Lakini mti uliopandwa leo hauvunwi kesho. Wakati mashamba hayo yakikua, wanunuzi walitafuta mbadala, na macho yao yakaangukia Afrika Mashariki. Mafuta ya msandali wetu hayalingani kabisa na yale ya India, ila yanashabihiana nayo kiasi cha kupata soko katika viwanda vya manukato na vipodozi.

Hivyo ndivyo uvunaji ulivyoshika kasi nchini Kenya katika miaka ya mwanzo ya 2000. Magogo na mizizi ilikusanywa vijijini, ikapakiwa kwenye malori usiku, na kuvushwa mipaka hadi nchi jirani ambako ilisagwa au kukamuliwa mafuta kabla ya kusafirishwa Asia na Ulaya. Mchimbaji, mara nyingi kijana asiye na kazi au mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame, hulipwa kiasi kidogo kwa kila kilo. Faida kubwa humwendea mtu wa kati na mwenye kiwanda, na mkono wa sheria humfikia mchimbaji na dereva kwa wepesi kuliko unavyowafikia hao.

Marufuku na mkataba

Mwaka wa 2007, Rais Mwai Kibaki alipiga marufuku uvunaji na biashara ya msandali nchini. Hatua hiyo ilikuwa muhimu kwa sababu iliondoa kisingizio cha wale waliodai kuwa na vibali. Hata hivyo, ilibana upande mmoja tu wa mpaka. Msandali uliovushwa ulionekana kuwa bidhaa halali mara tu ulipofika ng'ambo.

Kwa sababu hiyo, Kenya iliwasilisha pendekezo katika mkutano wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini (CITES), uliofanyika Bangkok, Thailand, mwezi Machi 2013. Pendekezo hilo lilikubaliwa. Msandali wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia uliwekwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo.

Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa haikukatazwa kabisa, lakini haiwezi kufanywa bila kibali. Nchi inayouza nje lazima ithibitishe kuwa mzigo ulipatikana kwa njia halali na kwamba uvunaji hautahatarisha kuendelea kuwepo kwa mmea huo. Masharti hayo yanahusu magogo, vipande na mafuta. Hayahusu bidhaa zilizokamilika na kufungwa tayari kwa kuuzwa rejareja. Kwa hivyo, chupa ya manukato inapofika dukani haina cheti cha kueleza mzizi ulitoka kilima gani.

Mwaka huo huo wa 2013, Kenya ilipata sheria mpya ya wanyamapori, na msandali ukawa miongoni mwa mimea inayolindwa chini yake. Tangu wakati huo, washukiwa wengi wamefikishwa mahakamani na shehena kunaswa barabarani. Lakini kila shehena inayonaswa ni ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, maafisa wako kazini. Pili, misandali hiyo tayari imekwisha kung'olewa, na hakuna hukumu inayoweza kuirudisha ardhini.

Kuurejesha mlimani

Ikiwa sheria hufika baada ya shimo kuchimbwa, basi kazi iliyobaki ni kupanda. Hapa ndipo utafiti unapohitajika, maana msandali haupandwi kama mkalitusi.

Watafiti nchini Kenya, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI), pamoja na wenzao wa Tanzania, wamechunguza njia za kuuzalisha. Yafuatayo ni mambo ya msingi ambayo mwenye nia ya kuupanda anapaswa kuyajua.

Kwanza, mbegu zichumwe kwenye matunda yaliyoiva na kuwa mekundu, na zisikawie kupandwa. Nyama ya tunda iondolewe kabisa.

Pili, ganda gumu la mbegu lipasuliwe au kuondolewa kwa uangalifu bila kuumiza kiini kilicho ndani. Mbegu iliyotendewa hivyo huota vyema kuliko ile iliyopandwa na ganda lake.

Tatu, mche upewe mwenyeji mapema. Mmea wa kuutegemea unaweza kupandwa katika mfuko mmoja na mche wa msandali ukiwa bado kwenye kitalu, ili mizizi ishikane kabla ya kupelekwa shambani. Huko shambani, mche uwekwe karibu na vichaka vya asili, wala si mahali palipofyekwa pakawa peupe.

Nne, panapokosekana mbegu, tawi linaweza kutiwa mizizi likiwa bado mtini. Gome hubanduliwa kidogo kuzunguka tawi, sehemu hiyo ikafungwa kwa udongo wenye unyevu mpaka mizizi itokee, kisha tawi likakatwa na kupandwa. Njia hii ina faida nyingine. Kwa kuwa tawi hufuata jinsia ya mama yake, mpandaji anaweza kujua mapema kama amepanda dume au jike, na kuhakikisha kuwa shamba lake lina wote wawili.

Nani mwenye msandali?

Hata hivyo, suala gumu zaidi halihusu mbegu. Linahusu umiliki. Misandali mingi humea katika ardhi ya jamii na misitu ya umma, ambako mali ya wote huwa rahisi kugeuka kuwa mali ya anayewahi. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2005, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka wa 2016, zilitoa nafasi kwa wakazi kuunda vyama vya jamii vya misitu na kushiriki katika usimamizi pamoja na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Chama kama hicho kina macho ambayo askari wachache wa doria hawawezi kuwa nayo. Mchungaji anayepita kilimani kila siku ndiye wa kwanza kuona udongo uliofukuliwa.

Lakini macho hayo yatalinda tu kile ambacho mwenye macho anakihesabu kuwa chake. Funzo la India ni wazi. Mti uliokuwa wa mfalme ulipotea mikononi mwa wezi, na wakulima walipewa haki ya kuumiliki wakati umekwisha kuadimika. Kenya inaweza kujifunza kabla ya kufika hapo. Mkulima anayepanda msandali leo anahitaji kujua kwa uhakika kwamba siku moja utakuwa halali yake kuuvuna, kwa utaratibu unaotofautisha mti uliopandwa na ule ulioibwa mlimani. Bila utaratibu huo, anayepanda na anayeiba huonekana sawa mbele ya kizuizi cha polisi, na hakuna atakayejisumbua kupanda.

Kwa sasa, misandali iliyosalia vilimani ndiyo hazina ya mbegu za kesho. Jike moja lenye matunda mekundu, likiwa na dume jirani na kichaka cha kulilisha, lina thamani kubwa likiwa limesimama kuliko likiwa ndani ya gunia. Likisimama, ndege watalihudumia na mbegu zitaenea. Liking'olewa, litauzwa mara moja tu.